Swala hana mwenyewe? Thubutu!

Hebu nikuulize kaswali kadogo mpenzi msomaji. Uko ndani ya basi umetoka zako Dar, mmeshapita Mkata, mnaitafuta Kabuku, jua ndio linazama. Mara puu! Dereva kamgonga swala. Basi linasimama, abiria wanashuka kuchungulia, kondakta kashachomoa kisu chini ya kiti na kila mtu anachagua kiungo. Wewe utafanyaje?

Swali hili nililizungusha vijiweni Korogwe, kuanzia stendi mpaka Manundu, na karibu kila kijana alinijibu bila kupepesa macho kwamba nyama ni ya kugawana, tena ya bure, Mungu katoa. Msela mmoja muuza machungwa aliniuliza kama na maini yapo. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba swala yule ana mwenyewe.

Anaye, bwana. Mwenyewe ni Serikali. Awe hai, awe amekufa, awe amegongwa na basi au ameliwa nusu na fisi, mnyamapori ni mali ya Serikali, na ukimkuta amekufa unachotakiwa ni kutoa taarifa, siyo kutoa kisu. Ule mguu uliouficha kwenye begi chini ya suruali ya jinzi una jina lake kwenye vitabu vya sheria: nyara ya Serikali. Ndiyo, jina lile lile la pembe ya ndovu!

Nimeamua kuandika haya kwa sababu kila mwaka ikikaribia tarehe 1 Julai, Korogwe na Handeni kunakuwa na maneno. "Msimu unafunguliwa." Jamaa anasafisha bunduki ya marehemu baba yake, mwingine anatafuta gari la kukodi, wa tatu anatangaza ana oda ya nyama ya harusi. Mjini nako kuna vijana wenzangu ambao wikiendi wangependa waende porini wakapige picha na mnyama miguuni, warudi waringe. Wote hawa wanaongea habari ya maboti, risasi na sufuria. Karatasi haiongelewi. Na mimi nilivyozunguka kule nimeona kitu kimoja: kwetu sisi uwindaji unaanzia kwenye karatasi, na asiyeijua karatasi hiyo anaweza kumaliza ujana wake Segerea au Maweni kwa ajili ya kitoweo cha siku moja.

MZUNGU NA KOTI LA MACHUNGWA

Kwenye marobota ya mitumba huwa yanakuja mambo. Siku moja niliona koti la rangi ya machungwa linalowaka mpaka macho yanauma, muuzaji anadai la mafundi wa barabara. Kumbe la wawindaji! Wenzetu wa Marekani wana mnyama wao anayefanana na swala, na ikifika vuli yao, miezi ya Septemba mpaka Desemba hivi, wanaume na wanawake wanaingia msituni kumtafuta. Kila jimbo lina kanuni zake na tarehe zake. Majimbo mengi yanawalazimisha wanaowinda kwa bunduki wavae rangi hiyo ili wasilengane wenyewe kwa wenyewe, na sehemu nyingi ukishaua lazima umfunge mnyama lebo yako kabla hujambeba. Ukisahau lebo, faini.

Mnyama yule kwetu hayupo kabisa. Afrika nzima jamii yake ya asili iko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Vitabu vyetu vya shule ndivyo vilivyotuzoesha kumwita paa au swala, lakini ukitaka kumjua tazama kichwani. Yule wa kwao dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine zenye matawi kama mti. Swala wetu pembe zake ni za maisha, ikivunjika imevunjika.

Tofauti nyingine ni majira. Sisi hatuna habari ya majani kugeuka mekundu. Msimu wetu unasubiri masika iishe, nyasi zikauke, njia za porini zianze kupitika. Kwa desturi ya miaka mingi ni kuanzia tarehe 1 Julai mpaka mwisho wa Desemba, na watalii wamewahi kuongezewa miezi hadi Machi. Kwa wenyeji, yaani mimi na wewe, mlango umefungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni. Kwa hiyo usije ukakodi gari kwa kuambiwa na mtu wa kijiweni. Nenda ofisi ya maliasili ya wilaya, au uwaone TAWA, ile Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori iliyoanza kazi Julai 2016, uulize: mwaka huu wenyeji tumefunguliwa? Wapi? Wanyama gani? Ukijibiwa hapana, rudi nyumbani ukaangalie mpira.

Ukivuka Horohoro kuingia Kenya hata kuuliza hakuna, wenzetu walipiga marufuku uwindaji wa wanyama tangu 1977. Hata sisi tuliwahi kuufunga uwindaji wa kitalii mwaka 1973, ukafunguliwa tena 1978.

BUNDUKI YA MJOMBA NI YA MJOMBA

Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Unamiliki bunduki? Kama humiliki, msimu ufunguliwe usifunguliwe, wewe ni mtazamaji. Siku hizi silaha zinatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, na safari ya kuipata inaanzia mtaani kwako, kwa viongozi wanaokujua tabia, inapanda kwenye kamati za usalama mpaka polisi. Watakuchunguza kama mchumba! Wanataka kujua una akili timamu, una mahali pa kuifungia, hugombani na mkeo. Mtoto wa mjini aliyezoea kupata kila kitu kwa haraka hawezi kuvumilia mlolongo huo.

Kuazima je? Leseni ya bunduki ina jina la mtu. Bunduki ya mjomba ni ya mjomba, hata kama mjomba yuko kitandani na amekubali kwa kichwa. Na gobole la kienyeji lililochongwa na fundi wa kijijini, lile la baruti na vipande vya nondo, halina mjadala kabisa, ukikutwa nalo ni kesi juu ya kesi.

Ukishakuwa na bunduki halali ndio unaomba leseni ya kuwinda. Hii nayo ina jina lako peke yako, huwezi kumpa shemeji. Inataja aina ya mnyama, idadi, eneo na tarehe. Ukipewa kibali cha swala pala mmoja, wa pili ni wizi. Ukipewa eneo hili, kule ng'ambo ya mto ni wizi. Na ukishaua unaandika pale pale kwenye leseni kabla hujaanza habari za kuchuna, maana jamaa wengi walikuwa wakiwinda wiki nzima kwa leseni moja isiyoandikwa kitu.

Sasa njoo kwenye majina ya wanyama, hapo utacheka. Nilikaa na babu mmoja upande wa Sindeni, kwenye barabara ya lami inayotoka Korogwe kwenda Handeni. Zamani alikuwa mwindaji, siku hizi anafuga. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikamwuliza hapa mlikuwa mnawinda nini. Akasema paa. Nikauliza paa yupi? "Paa, mjukuu wangu, paa ni paa!" Kumbe kwake yeye kila kidogo chenye pembe ni paa. Kwenye orodha ya Serikali mambo siyo hivyo. Kuna paa mwenyewe, kadogo kuliko mbuzi mtoto. Kuna digidigi wa pua ndefu. Kuna funo mwekundu wa vichakani, na kuna nsya, ambaye mtu wa mjini hawezi kumtofautisha na funo hata akipewa miwani. Kuna pongo, ambaye wengine wanamwita mbawala na wengine kulungu. Hapo bado hujafika kwa swala pala, kuro, tandala mdogo na tandala mkubwa. Kila mmoja ana bei yake na sheria yake. Leseni yako ikisema nsya halafu ukaangusha funo, kujitetea kwamba kulikuwa na giza ni kujiongezea kosa, kwa sababu gizani huruhusiwi kuwinda!

Na hilo la giza ndilo lililomshangaza sana babu yangu huyu. Enzi zao, anasema, walitoka na mbwa, wakatandika nyavu za kamba za mkonge, vijana wakapiga madebe upande wa pili, wanyama wakaja wenyewe. Wengine walichimba mashimo. Wengine walichoma moto nyika. Baadaye zikaja kurunzi, unamulika macho yanawaka, unapiga. Nilivyomsomea yanayokatazwa alikuwa anahesabu kwa vidole huku anacheka: mbwa, nyavu, mitego ya nyaya, mashimo, sumu, moto, taa, usiku, kupiga kutoka ndani ya gari, kuvizia kwenye maji wanapokunywa. Jike lenye mtoto usiguse, lenye mimba usiguse, mtoto usiguse.

"Sasa kimebaki nini?" akaniuliza.

Kimebaki kutembea, babu. Mchana, kwa miguu, na bunduki yenye leseni, dume lililokomaa.

Akasema kwa masharti hayo hata yeye wakati wa ujana wake angekufa njaa. Nikamwambia ndio maana hata swala wenyewe walikuwa wanaisha, akanyamaza kidogo. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha upande wa mashariki. Enzi za ujana wake, anasema, swala pala alikuwa anawaona akiwa amesimama pale pale anapooga. Mimi niliona mashamba ya mahindi, mti mmoja uliokatwa nusu kwa ajili ya mkaa, na pikipiki inapita.

PORI LENYEWE LIKO WAPI?

Hili nalo vijana hawalijui. Mtu anakwambia "porini Handeni" kama vile Handeni yote ni pori. Wilaya yenyewe ilishakatwa, Kilindi ilitoka mwaka 2002. Kulikuwa na Pori Tengefu la Handeni, ambalo jina lake bado linatajwa na wazee kama mahali pa kwenda kuwinda. Msomera, ambako tangu Juni 2022 zimehamia familia kutoka Ngorongoro, ni ndani ya eneo lililokuwa la pori hilo. Leo kuna nyumba, shule na ng'ombe. Ukienda pale na bunduki yako kwa ramani ya babu utakuta mama anaanika nguo.

Upande wa pwani kuna Saadani, ambayo zamani ilikuwa pori la akiba na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Upande wa kaskazini, ukipita Mombo na Mazinde, kuna Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa miaka ile ya 2006 mpaka 2008. Hifadhi ya taifa ni ya kutazama kwa macho. Humo huwindi hata kwale. Mkomazi wanatunza faru, kwa hiyo askari wa kule hawana utani na mtu mwenye bunduki. Na wanyama hawajui mpaka, wanatoka na kuingia, tembo anaweza kulala kwenye shamba la mtu akala mahindi yote. Mwenye shamba naye hana ruhusa ya kumpiga kwa hasira zake. Anatakiwa aite bwana nyama.

Neno hilo "bwana nyama" nalipenda sana. Ndilo jina la zamani la afisa wanyamapori, na wazee wa Handeni bado wanalitumia. Linatisha kidogo, kama vile nyama zote ni za bwana huyo. Basi ujue masharti haya siyo ya jana. Wajerumani walitoa sheria yao ya kwanza ya uwindaji hapa mwaka 1896, chini ya gavana Hermann von Wissmann, wakaleta mambo ya leseni na maeneo yaliyofungwa. Reli ilikuwa haijafika hata Korogwe, ilifika 1902! Waingereza nao wakaja na zao, sisi wenyewe tukatunga yetu mwaka 1974, na sasa tunatumia ya mwaka 2009. Bendera zimebadilika mara tatu, ila tangu enzi hizo mwenye swala ni yule mwenye ofisi.

VAZI LA PORINI

Haya, tuseme wewe una karatasi zote. Unavaa nini? Ukurasa huu hauwezi kupita bila habari ya mavazi, si mnanijua.

Kwanza sahau ile picha ya kwenye sinema, mwanaume kavaa mabaka mabaka ya kijeshi. Mmarekani anavaa na hakuna anayemuuliza. Hapa Bongo raia kuvaa kombati za jeshi ni kosa, na utakamatwa hata kabla hujamwona huyo swala. Pili, acha nyumbani jinzi zako za bluu na fulana nyeusi. Nyika ya Handeni ina mbung'o, na mbung'o anapenda bluu na nyeusi kuliko vijana wa Kinondoni. Hata mitego ya kuwakamatia wadudu hao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Anauma kupitia kwenye shati, anauma vibaya, na anaweza kukuachia malale. Kaki, udongo au kijani kilichofifia ndiyo mpango. Mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vinavyofunika vifundo kwa sababu ya nyoka na miiba. Manukato, dada na kaka zangu, yaacheni kwenye kabati.

Babu aliniongezea moja la bure: kafuko kadogo ka majivu. Unakatikisa, vumbi likielekea mbele kwa mnyama, zunguka uje upande mwingine, ameshakunusa. Maji ya kutosha, maana kule mchana wa Oktoba ni tanuri. Na bunduki uijaribu kabla kwenye shabaha mahali panaporuhusiwa, siyo unaifuta vumbi Jumamosi na Jumapili unampiga mnyama tumboni anakimbia kwenda kuoza. Ukijeruhi unalazimika kufuata. Hakuna cha kusema potelea mbali.

KIROBA CHA MKATA

Pale Mkata, njia panda ya kwenda Handeni mjini, nilikaa na kijana wa bodaboda. Umri wangu, elimu yangu, kidato cha nne na cheti kiko kabatini kwao. Aliniambia kuna siku, kama saa tatu usiku, alikuja mtu na kiroba kimefungwa vizuri. Nauli aliyotaja ilikuwa mara tatu ya kawaida. "Mbuzi," akasema. Yule kijana akakinyanyua kiroba akakirudisha chini, akamwambia mzee wangu tairi ina pancha. Tairi ilikuwa nzima.

Mwenzake alikubali kiroba kama hicho wakati mwingine, na wakakutana na askari njiani. Mwenye mzigo alirukia majani akapotea. Aliyebaki na kiroba ni mwenye pikipiki.

Sasa sikiliza vizuri hapa, ndio maana ya makala yote. Kwenye kesi za nyara, wewe uliyekutwa nazo ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa nazo kihalali. Siyo lazima wakuone ukiwinda. Thamani inayopelekwa mahakamani haipimwi kwa mizani ya buchani, inahesabiwa kwa bei ya mnyama mzima iliyopangwa na Serikali, hata kama umekutwa na mbavu tatu. Mara nyingi shitaka linaunganishwa na sheria ya uhujumu uchumi, na adhabu inaweza kufika miaka 20 mpaka 30. Miaka ishirini, mshikaji! Unaingia na miaka 24 unatoka na 44, mtoto uliyemwacha tumboni keshaoa.

Usidhani natia chumvi. Mwaka 2024 huko Nyanda za Juu Kusini mama mmoja alihukumiwa miaka 22 kwa vipande 12 vya nyama ya swala. Nchi nzima ilizungumza. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamwachia huru, lakini wangapi hawana nchi nzima ya kuwazungumzia?

Mimi hapa nina langu la kusema. Mtalii analipa dola zake, anapiga, anakata kichwa, anakwenda kukitundika sebuleni kwake, nasi tunamshukuru kwa kutuletea fedha za kigeni. Fedha hizo zina kazi, sikatai, na bila sheria kali tungekuwa tunamwona tembo kwenye noti tu. Lakini jangili wa bunduki za kivita na kijana aliyebeba kiroba cha watu kuwekwa kwenye mizani moja, mimi naona kuna mahali mizani imepinda. Tulishaona mwaka 2013 kwenye Operesheni Tokomeza, iliyoanza kuwawinda majangili wakubwa ikaishia na malalamiko ya wananchi kuteswa. Ilisitishwa, na Desemba ya mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Nina hakika wale waliopigwa vijijini hawakuwa na meno ya tembo ukutani.

Na wala usiniambie kwamba vijana wanakula nyamapori kwa ujeuri. Wanakula kwa sababu ni tamu na kwa sababu kilo ya ng'ombe inapanda kila siku. Kama ni utamu, njia halali ipo. Tangu kanuni za mwaka 2020 zitoke, mtu anaweza kuomba leseni akafungua bucha la nyamapori, nyama imekaguliwa, unapewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo usiifungie karanga, itunze mpaka nyama iishe. Ila mwenye leseni ya kuwinda kwa ajili ya kula kwake hana ruhusa ya kuuza, kwa hiyo yule jamaa wa oda ya harusi niliyemtaja huko juu, hata akiwa na leseni, siku anayopokea hela ndiyo siku anayovunja sheria. Na bibi harusi akila, basi tena.

Ukaguzi nao siyo mapambo. Kuna kimeta. Mnyama aliyekutwa amekufa porini, au huyo wa barabarani ambaye hujui alikuwa anaumwa nini mpaka akasimama mbele ya basi, anaweza kukuua bila msaada wa hakimu.

Nilimpelekea babu habari ya mabucha, nikidhani atafurahi. Akaniuliza kilo shilingi ngapi, nikamwambia inategemea, akatikisa kichwa. Gobole lake alilisalimisha miaka kadhaa nyuma, Serikali ilipotoa msamaha kwa wenye silaha zisizo halali. Alilifunga kwenye kanga ya mkewe, akalibeba mwenyewe mpaka kituoni, akarudi kwa miguu. Anasema usiku ule ndio alilala vizuri kuliko usiku wote tangu aoe.

Jioni akachinja beberu kwa ajili yangu. Mishikaki ikageuzwa, chumvi na ndimu, ugali wa mahindi ya Handeni pembeni. Akanikatia ubavu akanisogezea.

"Kula mjukuu wangu, huyu hana bwana nyama."

Nikamwambia nimependa, nitabeba na mbuzi mmoja mzima mzima nimpeleke Dar. Babu akaacha kutafuna.

"Huyo sasa," akasema, "inabidi uende kwa afisa mifugo ukamkatie kibali."